Sura ya Nne: Majira Ndiyo Mtaala wa Kwanza

Nchi ya Tetu, katika Kaunti ya Nyeri, imekaa baina ya milima miwili. Magharibi yake umejinyoosha Nyandarua, ambao wengi huuita Aberdare, pamoja na msitu wake mzito na mito yake iteremkayo kuelekea mashariki. Na upande wa macheo, siku isiyokuwa na wingu, huonekana Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199. Kwa kuwa milima hiyo ndiyo iamuayo mvua inyeshe lini na ukungu ukae kwa muda gani, watu wa huko tangu dahari wamehesabu mwaka wao kwa maji ya mbinguni na chakula cha shambani. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* kilichochapishwa London mwaka 1938, alieleza kwamba Wakikuyu waliugawa mwaka katika majira manne, nayo ni mvua kubwa ya njahi, mavuno ya njahi, mvua ndogo ya mwere, na mavuno ya mwere. Njahi ni zile mbegu nyeusi za jamii ya kunde, zenye mstari mweupe, ambazo watu wa pwani huziita fiwi, na ambazo mzazi wa Kikuyu hupikiwa atokapo uzazini ili apate nguvu. Mwere ni mawele. Msomaji wa pwani hatashindwa kuyatambua humo masika yake na kipupwe chake, vuli yake na kiangazi chake, ijapokuwa baridi ya Tetu ya mwezi wa Julai, pamoja na manyunyu yake yasiyokoma, haina mfano wake Lamu wala Mombasa.

Sura hii inadai jambo moja: kwamba majira hayo manne, yakitumiwa kwa mpango na kwa michezo, ndiyo mtaala bora wa kumlea mtoto wa Tetu katika lugha mbili kwa pamoja, Kikuyu cha nyumbani kwake na Kiswahili cha taifa lake, bila ya moja kuidhulumu nyingine. Sababu yake ni sahali. Majira huenda na kurudi, na mtoto huingia chekechea ya kwanza akiwa na umri wa miaka minne na ya pili akiwa na mitano. Kwa hiyo, kabla hajafika Gredi ya Kwanza, masika humpitia mara mbili akiwa mikononi mwa mwalimu, na kipupwe mara mbili, na mavuno mara mbili. Mara ya kwanza mtoto hukijua kitu chenyewe kwa macho yake, kwa mikono yake na kwa lugha ya mama yake. Mara ya pili kitu kimekwisha kuwa sahibu wake wa zamani, na kilicho kipya kwake ni Kiswahili tu. Mzigo wa kujifunza kitu kigeni kwa lugha ngeni, ambao umewavunja moyo watoto wengi wa Afrika siku yao ya kwanza ya shule, huwa umegawanywa nusu kwa nusu, na kila nusu ikabebwa kwa wakati wake.

Yafaa kwanza tuutazame mchezo, kwa sababu wako wazazi wengi, tena wenye mapenzi makubwa kwa auladi zao, ambao huuona mchezo kuwa ni wasaa uliopotea. Elimu ya jadi ya Wakikuyu haikuwa na rai hiyo. Katika sura aliyoiandika juu ya malezi, Kenyatta aonyesha jinsi taalimu ilivyoanza na nyimbo za kubembeleza, ambazo ndani yake mtoto alisikia habari za aila yake na ukoo wake, kisha ikaendelea kwa michezo ya kuiga kazi za wakubwa: wavulana wakijenga vibanda na kuchunga mifugo ya kubuni, wasichana wakipika vyakula vya udongo na kufuma vikapu vidogo. Usiku ulikuwa na vitendawili na ngano. Mchana ulikuwa na giuthi, ndugu yake bao la pwani, ambalo humzoeza mchezaji kuhesabu na kugawa kete kwa kasi ambayo daftari haliwezi kumpa. Hapana aliyemwambia mtoto kwamba anasoma, na hapana siku iliyopita bila ya yeye kusoma.

Ushahidi mkubwa zaidi watoka Tetu yenyewe. Profesa Wangari Maathai alizaliwa katika kijiji cha Ihithe tarehe 1 Aprili 1940. Baadaye akawa mbunge wa Tetu kwa uchaguzi wa mwaka 2002, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alipohutubia mjini Oslo tarehe 10 Desemba ya mwaka huo, mbele ya hadhara ya watu watukufu, aliyarudia mambo ya utotoni: kijito kilichokuwa karibu na kwao, ambako alitumwa na mama yake kuteka maji, majani ya nduma aliyocheza katikati yake, na nyuzi za mayai ya chura, ambazo alidhani ni shanga, akajaribu kuziinua kwa vidole vyake vidogo, zikakatika kila mara. Baada ya siku kadhaa shanga hazikuwapo tena, na maji yakawa yamejaa viluwiluwi weusi wachangamfu. Hapakuwa na mwalimu pale kijitoni, wala ubao, wala chaki. Lakini mtoto yule alipata pale somo la kutazama, la kungoja, la kulinganisha cha jana na cha leo, na la kutanabahi kwamba kila kilicho hai hutegemea kingine. Na mwanamke aliyetokana na mtoto huyo akaanzisha mwaka 1977 Harakati ya Ukanda wa Kijani, iliyopanda miti kwa mamilioni. Katika hotuba ile ile alisikitika kwamba kijito kimekauka. Basi mwenye kuuliza mchezo una faida gani, na auangalie mchezo ule mmoja wa mtoto mmoja wa Ihithe, na matunda yaliyotoka ndani yake.

Maisha ya mama huyo yana fundisho la pili, nalo ni la huzuni. Katika kitabu cha maisha yake, *Unbowed*, kilichotoka mwaka 2006, asimulia alivyopelekwa shule ya bweni ya wamisionari huko Mathari, Nyeri, ambako Kiingereza ndicho kilichotakiwa, na mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama yake alivishwa beji ya aibu iliyoitwa monita, akakaa nayo mpaka ampate mwenziwe mwenye kosa kama lake. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alieleza adhabu za namna hiyo hiyo katika *Decolonising the Mind* mwaka 1986. Kadhia hii haikuwa ya shule moja wala ya dini moja. Ilikuwa ada ya zama zile, na mabaki yake yangalipo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ilimfunza mtoto kuitazama lugha ya kwao kama uchafu wa kujipangusia mlangoni kabla ya kuingia darasani, na pamoja na lugha hiyo ikamfunza kudharau maarifa yote yaliyokuwa yamehifadhiwa humo, majina ya mimea, alama za mvua, adabu ya kumwamkia cucu na guka, yaani bibi na babu.

Si kwamba wenye kushauri serikali hawakuonya. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ikazipa lugha hizo nafasi vile vile. Na mwaka 1953 UNESCO ikatangaza kwa ulimwengu mzima kwamba lugha ya mama ndiyo chombo bora cha kuanzia elimu. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1957, ule uliojulikana kama Mwelekeo Mpya wa Shule za Msingi ulikileta Kiingereza mpaka darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964, nchi ikiwa imetoka tu kupata uhuru, ikauunga mkono. Ndipo Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipogeuza tena usukani, ikapendekeza kwamba lugha ya eneo la shule itumike katika miaka mitatu ya kwanza, na vitabu vya *Tujifunze Kusoma Kikwetu* vikasambazwa katika lugha nyingi za Kenya. Sera imekuwa hiyo hiyo kwa kiasi kikubwa tangu wakati huo. Palipopunguka ni katika kutenda.

Chekechea nazo zina tarikhi yake katika sehemu hii. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu wa Nyeri walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, mama wakapelekwa kazi za kulazimishwa, na watoto wadogo wakakusanywa mahali pamoja ili walindwe na wapewe chakula. Humo ndimo zilimochipuka baadhi ya nasari za mwanzo za Waafrika katika nchi ya kati. Baada ya uhuru, wazazi wenyewe walijenga nyingine kwa harambee, mbao kwa mbao na bati kwa bati. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer, iliendesha mradi wa kufunza walimu wa chekechea na kukusanya ngano, nyimbo na michezo ya makabila mbalimbali. Na mwaka 1984 kikaundwa Kituo cha Taifa cha Elimu ya Watoto Wachanga. Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi kaunti kazi ya elimu ya chekechea, ikakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, tena ikaipa dola wajibu wa kukuza lugha za wenyeji. Mwezi wa Januari 2019 Mtaala wa Umilisi ukaanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini, na ndani yake chekechea imepewa miaka miwili, shughuli za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu na za dini, na ruhusa ya wazi ya kutumia lugha ya eneo. Kwa hiyo mwalimu wa Tetu hahitaji kungoja sheria mpya. Mlango u wazi. Kilichobaki ni kuujua mpangilio wa kuingilia.

Mpangilio huo hupatikana katika kuisoma kalenda ya shule pamoja na kalenda ya shamba. Muhula wa kwanza huanza Januari, wakati wa jua na vumbi, ardhi ikiwa imekauka na anga likiwa safi. Majira haya yanafaa kwa kazi za udongo mkavu, mawe, mbegu na vivuli. Watoto hupima kivuli cha kijiti asubuhi na adhuhuri, hukusanya mbegu za kila namna kutoka nyumbani kwao, njahi, mahindi, maharagwe na mbegu za maboga, kisha huzipanga kwa rangi, kwa ukubwa na kwa idadi, na kwa hizo hizo hucheza giuthi katika vishimo vilivyochimbwa kivulini. Mwere umepungua sana mashambani siku hizi, kwa kuwa mahindi yameutwaa ulimwengu wake. Basi ni jambo la busara kumwalika mzee wa kijiji alete mashuke machache, awaonyeshe watoto jinsi ndege walivyokuwa wakifukuzwa shambani na vijana waliokaa juu ya dungu. Mwaka wa kwanza mzee atasema nao Kikuyu. Mwaka wa pili atasema Kikuyu tena, lakini mwalimu atawaomba watoto wamsimulie kwa Kiswahili mgeni asiyeelewa. Na mgeni huyo aweza kuwa ni mwalimu wa darasa jingine, au mwanasesere aliyepewa jina na kuambiwa kuwa anatoka Mombasa.

Mwishoni mwa Machi hushuka mvua ya njahi. Hapa na tutazame asubuhi moja kwa karibu. Usiku mvua imepiga bati mpaka alfajiri, na watoto wanafika na gambuti zao na masweta yaliyoloa mabegani. Uani mwalimu alikuwa ameweka tangu jana chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na sasa mtoto mmoja anatumbukiza kijiti ndani yake, anakitoa, na mwenziwe anapiga alama ya kaa mahali maji yalipofika. Kijiti hicho huegemezwa ukutani pamoja na vijiti vya siku zilizopita, na watoto wote huulizwa ni kipi kirefu kupita vyote, na kwa nini cha juzi hakina alama hata moja. Kumbikumbi wametoka kwa wingi kutoka ardhini. Wengine wanawakimbiza, wengine wanahesabu mabawa yaliyodondoka. Kisha kila mtoto anapewa kopo lenye udongo, anadidimiza punje mbili za njahi kwa kidole, na jina lake linabandikwa ubavuni. Katika chekechea ya kwanza maneno ya kupanda, kulowa, kuota na kungoja husemwa kwa Kikuyu, na Kiswahili huja kwa salamu, kwa wimbo mmoja wa mvua na kwa amri za mchezo: simama, ruka, kaa. Katika chekechea ya pili kazi ni ile ile, kopo ni lile lile, na mbegu ni zile zile; lakini mwalimu sasa anasimulia kwa Kiswahili kila anachokitenda, na mtoto, ambaye yakini anajua kitakachofuata kwa sababu alikitenda mwaka jana, huyapata maneno hayo bila ya kufasiriwa. Aidha Kikuyu na Kiswahili ni ndugu wa nasaba moja, na mtoto aliyezoea kupatanisha majina na vitenzi vyake kwa lugha ya nyumbani hukuta ada hiyo hiyo kwa Kiswahili, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kumpa.

Muhula wa pili huikuta mvua ikielekea kukoma, na mara kipupwe hukalia nchi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hufunika mashamba ya chai mpaka saa nne za asubuhi, na mtoto hatakiwi kukaa nje muda mrefu kwa ajili ya siha yake. Haya basi ndiyo majira ya ngano na vitendawili. Watoto huketi karibu karibu, kila mmoja na kikombe chake cha uji wa moto, na mwalimu huita kwa desturi ya Kikuyu, *gwata ndaĩ*, nao huitika. Mwaka unaofuata huita pia kwa desturi ya Waswahili, kitendawili, nao hujibu kwa sauti moja, tega. Mtoto anatambua hapo, pasipo kuelezwa, kwamba watu wa pwani na watu wa milimani wana adabu moja ya kuchezesha akili, na kwamba kujua lugha ya pili ni kuongezewa jamaa. Mwishoni mwa muhula njahi zilizopandwa na mikono yao zimekwisha kukomaa. Huchumwa, huambuliwa, huhesabiwa, na hupikwa, na ndani ya chungu hicho zimo shughuli zote zilizotajwa na mtaala.

Muhula wa tatu huanza katika mavuno na kuishia katika mvua ya mwere, ambapo kahawa huanza kuiva na njia za kwenda viwandani hujaa watu wenye magunia. Huu ni wakati wa duka na soko. Mwalimu hutenga pembe mbili za darasa. Pembe moja ni nyumbani: kuna mafiga, sufuria, kikapu na kanga ya kubebea mwana, na humo husemwa Kikuyu, kama isemwavyo nyumbani. Pembe ya pili ni soko la Karatina au dukani Nyeri mjini: kuna mizani iliyotengenezwa kwa makopo mawili na kijiti, vizibo vya chupa vilivyofanywa kuwa fedha, na viazi vya kweli vya kupimwa, na humo, kwa kuwa mnunuzi aweza kutoka Meru, Kisumu au Garissa, husemwa Kiswahili. Mtoto huvuka kutoka pembe hii kwenda ile akiwa na kikapu chake, na anapovuka hubadili lugha, kwa sababu mahali pamebadilika na mtu wa kusema naye amebadilika. Hivi ndivyo watu wazima wa nchi hii wanavyoishi, na hapana sababu ya shule kumficha mtoto mpango ambao kaka zake wanautumia kila Jumamosi.

Mwalimu mwenye kufuata njia hii hatoi mtihani. Huwa na daftari ambamo huandika aliyoyaona: kwamba mtoto fulani leo amemwomba mwenziwe kijiko kwa Kiswahili bila ya kuelekezwa, kwamba mwingine amehesabu mpaka kumi kwa Kikuyu lakini kwa Kiswahili ameruka saba, kwamba wa tatu hajasema neno wiki nzima na yafaa nyumbani kwao paulizwe. Daftari la namna hiyo lina insafu kuliko alama.

Yeyote anayehofu kwamba haya ni ndoto na ayatazame yaliyotendeka kwingine. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chuo chake cha michezo mwaka 1837 na kukipa mwaka 1840 jina la bustani ya watoto, aliifanya kazi ya bustani kuwa sehemu ya darasa. Huko New Zealand, Wamaori walipoona lugha yao inakaribia kufa, walifungua mwaka 1982 viota vya lugha ambamo wazee waliwalea wachanga kwa Kimaori kitupu. Na mwaka 1996 serikali ikatoa mtaala wa watoto wadogo, *Te Whāriki*, ulioandikwa kwa Kimaori na kwa Kiingereza. Nchini Nigeria, kuanzia mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Ife waliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa ni somo tu. Na watoto hao hawakuachwa nyuma na wenzao kwa Kiingereza, ilhali katika masomo mengine waliwapita.

Mfano wa karibu zaidi uko katika ardhi ya Kenya yenyewe. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate elimu ya shule pasipo kupungukiwa na ya dini, nao wakapata msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said, mwalimu mwenye hekima na subira, akauongoza mpango wa chekechea za madrasa zilizoanza mwaka 1986, ambazo baadaye zilienea mpaka Zanzibar na Uganda. Ndani ya madrasa hizo Kurani na adabu za dini zilikaa pamoja na michezo, na vifaa vyake vilikuwa makombe, vifuu, kamba na makuti, yaani vitu vilivyookotwa pale pale walipoishi watoto; na mama wa mtaa walifunzwa wakawa ndio walimu. Wenye mpango huo hawakumwambia mzazi achague baina ya cha kwao na cha ulimwengu. Kama pwani iliweza kuuunganisha urithi wake na elimu ya kisasa kwa makombe na vifuu, milima nayo yaweza kwa njahi na ukungu.

Upinzani upo, na una haki ya kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza ni wa mzazi asemaye kwamba mtoto wake hana haja ya Kikuyu, maana anacho tayari, na kwamba Kiingereza ndicho kitakachompa kazi. Mzazi huyo ameona kwa macho yake wenye Kiingereza wakitangulizwa na wasiokuwa nacho wakirudishwa nyuma, na hofu yake si ya kuchekwa. Lakini mtoto wa miaka minne hana Kikuyu kamili; ana msingi wake tu, na msingi ukiachwa kabla ya kukauka hautabeba ghorofa ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Kiingereza kitamkuta katika gredi akiwa ameshajua kusikiliza hadithi mpaka mwisho, kuuliza swali, kupanga mambo kwa taratibu na kueleza sababu, na hizo ndizo kazi ambazo lugha yoyote itamtaka azitende. Wako pia wazazi wanaosukumwa na shule zinazowahoji watoto kwa Kiingereza kabla ya kuwapokea. Nao wajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza shule za umma kumtahini mtoto kwa ajili ya kumpokea, isipokuwa kwa kutambua darasa limfaalo.

Upinzani wa pili hutoka mijini. Nyeri mjini, darasa moja laweza kuwa na Mkikuyu, Mmeru, Mluo na Msomali, na huko Kikuyu hakiwezi kuwa lugha ya wote. Mtaala umekwisha kulijibu jambo hili, kwa kuwa unataja lugha ya eneo, na lugha ya eneo ya mji ni Kiswahili. Basi huko Kiswahili kitangulie, na kila mtoto apewe siku yake ya kuleta neno, ngano au mchezo wa kwao. Majira hayatabadilika kwa ajili hiyo; mvua ya masika huwanyeshea wote.

Upinzani wa tatu husema kwamba mvua zenyewe hazina ahadi tena, huchelewa, hukatika, au huja zote kwa wiki moja na kuchukua udongo. Ni kweli, na wakulima wa Tetu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hiyo ni sababu ya kuzidisha taalimu ya majira. Vijiti vile vya kupimia mvua vikihifadhiwa mwaka baada ya mwaka, vikafungwa kwa uzi na kuandikwa tarehe, vitawapa watoto wa kijiji, watakapokua, kumbukumbu ya nchi yao iliyoandikwa kwa mikono yao wenyewe. Na kizazi kitakachoishi katika hali ya hewa iliyogeuka kina haja kubwa kupita vyote vilivyotangulia ya macho yaliyozoezwa kutazama mbingu.

Lililobaki ni wajibu, na kila mmoja ana fungu lake. Kaunti impe mwalimu wa chekechea ajira ya kudumu na mshahara unaolingana na uzito wa kazi yake, maana mpango wa miaka miwili hauwezi kushikwa na mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwapo. Vyuo vya ualimu vimfunze kuongoza lugha mbili kwa makusudi, asiishie kuzichanganya kila sentensi kwa mazoea. Wachapishaji watoe vitabu vya picha vyenye hadithi moja katika majuzuu mawili, la Kikuyu kwa mwaka wa kwanza na la Kiswahili kwa wa pili. Wazee wakubali kuitwa darasani, na wazazi wakubali kwamba mtoto anayerudi nyumbani na matope magotini hakupoteza siku. Hakuna katika haya jambo linalohitaji mali ambayo Nyeri haina, wala maarifa ambayo watu wake hawana. Na mwalimu aliye tayari aweza kuanza mvua ijayo, kwa chupa iliyokatwa shingo, kijiti, kipande cha kaa na punje mbili za njahi kwa kila mtoto.